Fahamu: Kwa nini nyumba zinazofanana hutofautiana thamani
Chukua nyumba mbili za vyumba vitatu, matofali yaleyale, bati lilelile: moja Masaki, nyingine Jangwani, Dar es Salaam. Mthamini hatazipa bei moja. Jengo hulikadiria kwa gharama ya kulijenga upya, akiondoa uchakavu. Kiwanja hukipima kwa mauzo ya karibuni mtaani hapo. Hapo ndipo Jangwani huumia, maana Mto Msimbazi hufurika, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuacha maelfu bila makazi. Lami, maji ya bomba na hatimiliki hupandisha thamani. Kabla hujanunua, nenda ukakione kiwanja wakati wa masika, kisha dai ripoti ya mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya mwaka 2016.