Kuku wa Kienyeji: Banda Salama, Mayai ya Kutosha

Enzi za misafara iliyopitia Unyanyembe kuelekea Ujiji, wasafiri walinunua kuku na nafaka kwa wenyeji wa Tabora. Leo, katika Kata ya Itetemia na mitaa jirani, kuku wa kienyeji angali akiba iliyo karibu: huuzwa mwanafunzi anapohitaji madaftari, huchinjwa mgeni anapobisha hodi. Hata hivyo, akiba hiyo yaweza kutoweka kwa usiku mmoja kicheche akiingia bandani, au kwa wiki moja mdondo ukiingia mtaani. Tunaeleza hapa jinsi ya kujikinga na hasara hizo, na jinsi ya kumsaidia mtetea atage vizuri.

Banda la usiku

Kuku huru hujitafutia chakula mchana, lakini gizani haoni vizuri wala hawezi kujitetea. Banda la tofali au la miti iliyokandikwa udongo latosha, mradi kila tundu la ukutani, mlangoni na chini ya paa limezibwa. Nguchiro na nyoka hupenya mahali padogo sana. Madirisha yawekwe juu na kufunikwa kwa wavu wa matundu madogo, ili hewa ipite. Harufu kali ya kinyesi machoni na puani ni ishara kwamba hewa haitoshi au usafi umepungua.

Mita 1 ya mraba ilaze kuku wasiozidi 5. Wawekewe chaga za kulalia, kwa kuwa kuku hupenda kulala juu. Tunashauri mlango ufungwe kabla giza halijaingia, na kuku wahesabiwe kila jioni. Vifaranga wafunikwe kwa tenga mchana katika wiki zao za kwanza, kwa sababu ya mwewe.

Kwa nini mtetea haachi mayai?

Mara nyingi anataga, ila anaficha vichakani, ambako kenge na nyoka hunufaika kabla ya mwenye kuku. Mwekeeni kiota cha upana wa sentimita 30 hivi, chenye nyasi kavu, mahali penye kivuli na utulivu ndani ya banda. Mayai yaokotwe kila siku, na liachwe moja lililotiwa alama ya mkaa ili arudi palepale.

Mtetea anayeatamia husimama kutaga. Huo si ugonjwa. Mayai huanguliwa baada ya siku 21. Lakini utagaji ukipungua bila sababu hiyo, chunguzeni maji, chakula, minyoo na utitiri. Wakati wa kiangazi wadudu na majani mabichi huadimika. Ongezeni pumba, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo na maganda ya mayai yaliyosagwa. Mchwa wanaovunwa kwa chungu kilichofunikwa juu ya kichuguu ni chakula bora cha vifaranga, tena hawanunuliwi.

Mdondo na chanjo

Mdondo, uitwao pia kideri, huleta kinyesi cha kijani, kupumua kwa shida, kupooza na kupinda shingo. Hauna tiba. Kinga yake ni chanjo, na chanjo humfaa kuku mzima, si aliyekwisha kuugua. Chanjo ya I-2 hutolewa tone 1 katika jicho 1, kwa kuku wa umri wote, na hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Kuku wa kienyeji hajui mpaka wa kiwanja. Kuku wako akichanjwa peke yake, ugonjwa utaendelea kuzunguka mtaani na kuwamaliza vifaranga watakaoanguliwa kesho. Aidha, chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja. Kwa hiyo tunashauri majirani wachange fedha, wapange siku moja na kumwita mtaalamu wa mifugo wa kata. Gharama ya kila kaya itapungua, na kinga itaenea.

Kabla ya kulipa

Nunueni chanjo kwenye duka lenye kibali. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, hakikisha chupa imetolewa kwenye jokofu na kizibo hakijafunguliwa, kisha dai risiti. Ibebeni katika chombo chenye barafu, na msikubali masalio ya chupa iliyofunguliwa jana.

Kuku aliyenunuliwa gulioni atengwe kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Aliyekufa kwa ugonjwa afukiwe kwenye shimo refu au achomwe moto. Wanaoumwa wasiuzwe kwa haraka ili kuokoa fedha: hasara inayopelekwa sokoni leo itarudi mtaani kwenye tenga la jirani.