Kifafa cha Masakta na Sisi wa Visiwani

Akitajwa nguruwe mbele ya Muislamu wa Visiwani, mazungumzo hukatika. Ni haki yake, kwani sharia imekwisha amua. Lakini upo ugonjwa mmoja utokanao na mnyama huyo ambao haumuulizi mtu dini yake wala haungoji aonje nyama. Yatupasa basi kuutazama huko ulikochunguzwa kwa makini, yaani katika nyanda za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako Masakta ni mojawapo ya kata.

Wananchi wa huko ni wakulima na wafugaji, na nguruwe kwao ni akiba ya siku ya shida. Pasipokuwa na vyoo vya kutosha, nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu. Mwaka 2004 zilichapishwa khabari za uchunguzi wa nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu. Kwa kuwatazama na kuwapapasa ulimi tu, wachunguzi walikuta zaidi ya 17 katika kila mia wana vifuko vya mabuu ya tegu. Na ulimi hauonyeshi yote. Mwenye vifuko vichache hupita salama mikononi mwa mkaguzi.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na huenda asijisikie mgonjwa hata kidogo. Lakini kila aendapo haja hutoa mayai ya tegu. Mayai hayo yakifika katika maji, katika mboga mbichi, au katika mkono usionawa unaopakua chakula, yule atakayeyameza hapati tegu: mabuu hutoboa utumbo, husafiri katika damu, na baadhi yao huweka makao katika ubongo. Kifafa hutokea hapo, pengine baada ya miaka mingi.

Daktari wa mishipa ya fahamu, Andrea Winkler, na wenzake walifanya uchunguzi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko Mbulu tangu mwaka 1955. Walipiga picha za ubongo za wagonjwa 212 wa kifafa. Katika taarifa yao ya mwaka 2009, 38 kati ya hao walionekana na alama za vifuko hivyo, ama za hakika ama zinazofanana nazo. Katika watu 198 wasio na kifafa alionekana mmoja tu. Ni khabari nzito hiyo, kwa sababu mtu ambaye jamaa zake wangesema amepagawa alikuwa na maradhi yenye chanzo kinachojulikana, na kinachozuilika.

Atakayesema kuwa hayo ni ya watu wa Bara na azingatie yaliyotokea New York. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika khabari za Mayahudi wanne wa mtaa wa Brooklyn, watu washikao dini na wasiogusa nguruwe, waliokutwa na vifuko hivyo katika ubongo. Njia iliyodhaniwa ni watumishi wa majumbani waliotoka nchi ambazo tegu ni wengi. Wala hatusemi watumishi wafukuzwe. Huo ungekuwa ujinga na dhulma. Tegu hana kabila, na dawa yake ni rahisi. Tunalowaambia maofisa wa afya ni kwamba upimaji wa wapishi wa mahoteli na wauza vyakula usiwe kazi ya kugonga muhuri. Choo kikubwa kitazamwe kwa darubini.

Elimu nayo inafaa. Katika jaribio lililohusisha vijiji 42 vya Mbulu, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, mafunzo kwa wafugaji yalipunguza maambukizo mapya ya nguruwe kwa yapata asilimia 40. Wazee wanaoikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hawatashangaa.

Ama aliyekwisha ugua, asipewe dawa ya minyoo kwa kubahatisha. Mabuu yakifa kwa ghafla ubongo huvimba, na mgonjwa aweza kuangamia. Ndiyo maana picha hutangulia na daktari husimamia. Lakini dawa ya kuzuia kifafa chenyewe, fenobabitoni, ni ya bei nafuu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliwatibu nayo wagonjwa wa Mahenge mapema katika miaka ya 1960, watu waliokuwa wakikimbiliwa mbali hata walipoanguka motoni, kwa hofu ya povu la vinywa vyao. Povu hilo haliambukizi. Shirika la Afya Duniani lasema wagonjwa 7 katika kila 10 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Tiba hiyo ni ya kila siku, kwa miaka, na mgonjwa akiikatiza ghafla huweza kuanguka mfululizo mpaka kufa. Kwa hiyo afisa anayeagiza dawa za vituo vya shamba asiiandike fenobabitoni mwishoni mwa orodha, pale ambapo fedha huwa zimekwisha.