Sauti ya Mama Perkins: Tamthilia za Mchana katika Redio ya Marekani Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia

Aghalabu mjadala kuhusu redio na vita huanza na taarifa za habari. Msomi atamtaja Edward R. Murrow akitangaza kutoka London iliyokuwa ikinyeshewa mabomu mwaka 1940, au ataitaja hotuba ya Rais Roosevelt ya tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba anayetaka kuelewa jinsi vita vilivyoingia jikoni mwa Mmarekani wa kawaida hana budi kutega sikio kwenye utanzu uliodunishwa mno na wahakiki wa enzi hiyo, yaani tamthilia ya mfululizo ya mchana.

Utanzu huu ulichipuka mjini Chicago. Mwaka 1930 Irna Phillips, aliyewahi kuwa mwalimu, aliandika Painted Dreams kwa ajili ya stesheni ya WGN. Miaka michache baadaye Frank na Anne Hummert walikuwa wamegeuza utunzi kuwa kazi ya kiwandani: wao walibuni visa, na waandishi wengine waliolipwa kwa kazi hiyo wakayajaza mazungumzo. Kila sehemu ilichukua dakika 15, siku tano kwa wiki, muziki wa kinanda ukitangulia, na taharuki ya Ijumaa ikimfunga msikilizaji hadi Jumatatu. Kwa kuwa wadhamini wakuu walikuwa watengenezaji wa sabuni, wanahabari walizipachika jina la kejeli, "opera za sabuni". Kufikia mwaka 1940 tamthilia takriban 60 zilikuwa hewani kila siku ya kazi.

Jambo linalostahili kuchunguzwa kwa makini ni wakati wa usimulizi. Mwandishi wa riwaya anaweza kuruka miaka kumi kwa sentensi moja. Mwandishi wa tamthilia ya mchana hakuwa na uhuru huo. Mhusika wake aliishi sambamba na msikilizaji: Krismasi ya huyu ilikuwa Krismasi ya yule. Ndiyo maana vita vilipozuka, swali halikuwa iwapo vingeingia hadithini au la. Msikilizaji aliyekuwa na mwana jeshini angewezaje kuamini kijiji ambacho vijana wake wote walibaki nyumbani wakichumbiana?

Serikali nayo ilitambua hilo mapema. Januari 1942 Ofisi ya Udhibiti, chini ya Byron Price, ilitoa mwongozo kwa watangazaji. Utabiri wa hali ya hewa uliwekewa vikwazo, na salamu za nyimbo zilizoombwa na wasikilizaji zikatiliwa shaka, kwa hofu kwamba jasusi angeweza kuficha ujumbe ndani ya ombi la wimbo. Mwongozo huo ulitegemea hiari ya wenye stesheni. Kisha Juni 1942 ikaundwa Ofisi ya Habari za Vita, ikiongozwa na Elmer Davis, ambaye mwenyewe alikuwa mtangazaji wa habari. Ofisi hiyo haikuwa na haja ya kuanzisha tamthilia zake; iligawa ujumbe kwa zamu miongoni mwa vipindi vilivyokuwapo tayari, ikawaachia watunzi kazi ya kuufuma ndani ya visa: mgao wa chakula, hatifungani za vita, wito kwa wanawake kuajiriwa viwandani.

Mfano wa mafuta ya kukaangia unatosha kuonyesha jinsi mtambo huo ulivyofanya kazi. Akina mama walihimizwa kukusanya mafuta yaliyobaki kaangoni na kuyapeleka kwa muuza nyama. Mafuta hayo yalipotengenezwa sabuni yalitoa gliserini, na gliserini ni malighafi ya baruti. Viwanda vya sabuni ndivyo vilivyogharamia kampeni hiyo. Tazama basi mzunguko wenyewe: kampuni inauza sabuni kwa kusimulia hadithi, hadithi inamwomba msikilizaji mafuta, na mafuta yanarudi kwenye kampuni yale yale kuzaa sabuni na silaha. Sijui kama kuna utanzu mwingine wa sanaa uliowahi kufungamana na mdhamini wake kwa ukaribu wa namna hiyo.

Iwapo mambo yangeishia hapo, tungeziita tamthilia hizi matangazo ya biashara yaliyovishwa nguo za hadithi, tukafunga mjadala. Lakini kuna kisa cha John Perkins. Ma Perkins ilianza mwaka 1933 katika stesheni ya WLW ya Cincinnati, ikidhaminiwa na sabuni ya unga ya Oxydol. Mhusika mkuu ni mjane mwenye biashara ya mbao katika mji mdogo, mwenye busara na roho ya ukarimu. Mwaka 1944, baada ya wasikilizaji kumfahamu kijana John kwa zaidi ya miaka kumi, aliuawa vitani Ulaya na kuzikwa katika kaburi lisilo na jina. Watunzi hawakumfufua. Mama yake aliendelea kuishi, siku baada ya siku, dakika 15 kwa dakika 15, na pengo lile likabaki. Taarifa ya habari iliweza kutaja idadi ya waliokufa. Haikuweza kurudi kesho yake, na kesho kutwa, katika nyumba ile ile ya mfiwa. Ni kweli kwamba majonzi hayo yaliuza sabuni. Kwa maoni yangu, ukweli huo hauyafanyi yawe ya uongo.

Ujasiri huu haukuwa sawa kote. Sandra Michael, katika Against the Storm iliyoanza mwaka 1939, alikuwa akiushutumu ufashisti kabla Marekani haijaingia vitani, na kazi yake ikapata tuzo ya Peabody ya mwaka 1941. Ilipofika Desemba 1942 tamthilia hiyo ilikuwa imeondolewa hewani. Upande wa akina Hummert, daktari Mweusi aliingizwa katika The Romance of Helen Trent, na askari Mweusi katika Our Gal Sunday, ili kuhimiza umoja wa taifa. Wahusika hao walisifiwa, wakapita, wakasahaulika. Simulizi zenyewe zilibaki za Wazungu. Jeshi lenyewe lilikuwa bado limewatenga askari kwa rangi, na amri ya kukomesha utengano huo haikutolewa hadi mwaka 1948. Hapa ndipo ujumbe wa kupandikiza ulipodhihirisha udhaifu wake.

Wahakiki hawakukosa. Mwaka 1942 Louis Berg, daktari wa magonjwa ya akili wa New York, alidai kwamba tamthilia hizi ziliwadhuru wanawake kwa kuwapandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Ushahidi wake ulikuwa vipimo vya mwili wake mwenyewe! Herta Herzog, kwa upande wake, alikuwa amechagua njia ya kuwauliza wasikilizaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1941, uliotokana na mahojiano na wanawake 100 wa New York na viunga vyake, aligundua kwamba walitafuta nafuu ya kulia, ndoto ya maisha mengine, na ushauri. Hilo la tatu ndilo lililoipa serikali mlango.

Mlango huo haukufungwa vita vilipokwisha. Wanafunzi wa Kiswahili wanaikumbuka Ushikwapo Shikamana, iliyorushwa na Sauti ya Kenya mwaka 1987, na Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza mwaka 1993. Zote mbili zilijengwa juu ya mbinu za Miguel Sabido wa Mexico, aliyetumia tamthilia za televisheni kuhimiza uzazi wa mpango katika miaka ya 1970. Na tamthilia hizo za Amerika ya Kilatini zina nasaba na zile za sabuni.

Marekani kwenyewe, televisheni ilinyakua hadhira. The Guiding Light ya Irna Phillips, iliyoanza redioni mwaka 1937, ilihamia huko mwaka 1952 na kudumu hadi 2009. Ma Perkins haikuhama. Ilifikia tamati tarehe 25 Novemba 1960, ikiwa sehemu ya 7,065. Mwigizaji Virginia Payne alikuwa na umri wa miaka 23 alipoanza kuigiza sauti ya mjane mzee, na sasa alikuwa na miaka 50. Siku hiyo, baada ya mchezo kwisha, alizungumza na wasikilizaji kwa nafsi yake mwenyewe, akawaaga.