Kabla Hujalipia Transfoma ya Pampu, Uliza Inakula Kiasi Gani Ikiwa Imelala

Wiki iliyopita vijana wanne wanaomwagilia vitunguu kwa pampu ya umeme waliniletea proforma mbili za transfoma ya kVA 100. Moja ilikuwa nafuu kwa shilingi milioni moja na nusu, na walishaamua kuichukua. Nikawaambia subirini kidogo, tupige hesabu.

Transfoma hupoteza umeme kwa njia mbili. Ya kwanza iko kwenye kiini chake cha chuma, nayo haina mapumziko: maadamu imeunganishwa na laini, inapoteza usiku na mchana, hata kama pampu hujaigusa miezi mitatu. Ya pili iko kwenye nyaya zilizozungushwa humo ndani, na hiyo hufuata mzigo. Mzigo ukishuka nusu, upotevu huu unabaki robo tu.

Haya, tuangalie proforma zao. Ya bei chee: wati 320 bila mzigo. Ya bei kubwa: wati 180. Upotevu wa mzigo kamili ulikuwa sawa, wati 1,750. Tofauti ya wati 140 inaonekana kama taa chache tu, sivyo? Zidisha kwa saa 8,760 za mwaka: uniti 1,226. Ukiweka shilingi 300 kwa uniti (wewe weka bei unayolipa), ni kama shilingi 368,000 kila mwaka. Mwaka wa tano ukianza, ule unafuu umeshaliwa wote, na transfoma ikitunzwa hudumu miaka 20 na zaidi.

Pampu yao inafanya kazi kama saa 1,000 kwa mwaka, kwa nusu ya uwezo wa transfoma. Nyaya zitapoteza uniti 438 hivi, wakati chuma cha ile ya bei chee kinakula 2,803! Kwa hiyo mkulima wa msimu aanze na namba ya bila mzigo, na asinunue transfoma kubwa kupita mahitaji eti "tutakua".

Ila mita inakaa wapi? Hilo nilipaswa kuwauliza mwanzo, nikakumbuka hesabu imeshaisha. Ikifungwa upande wa msongo wa kati, kabla ya transfoma, upotevu wote unaulipa wewe. Ikiwa baada ya transfoma, uniti hizo hazipiti kwenye mita yako. Ya kwao itakaa kabla. Sasa wamemwomba muuzaji cheti cha vipimo vya kiwandani, maana namba ya kwenye proforma mtu yeyote anaweza kuiandika.