Picha Imekwisha, Sasa Tuzungumze

Wengi wetu tumepata kuona picha. Wengine tumeona kwenye kibanda cha video pale sokoni. Wengine tumeona kwenye simu ya mtoto. Na wenye umri mkubwa tunakumbuka gari la sinema lililokuwa likija kijijini na kutandaza kitambaa cheupe uwanjani.

Picha ikikwisha watu hawalali moja kwa moja. Njiani wanazungumza. Huyu anasema, "Jamani, yule bwana kaigiza!" Yule anajibu, "Wapi, picha mbovu ile." Ukimwuliza mbovu kwa nini, anakwambia, "Mbovu tu." Hapo mazungumzo yanakufa. Leo tunataka kueleza mambo ya kutazama, ili mtu akisema picha ni nzuri au ni mbaya, aweze kutoa sababu na mwenzake aweze kumjibu.

Jioni moja tulikaa na wanakijiji mkoani Shinyanga kutazama picha iitwayo Neria. Ilitengenezwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Neria ni mke wa Patrick. Wametafuta pamoja, wana watoto na nyumba mjini. Patrick anafariki katika ajali. Basi kaka yake Patrick, aitwaye Phineas, anakuja. Anachukua gari, kitabu cha benki na vyombo vya nyumbani. Kila akichukua anasema anafuata mila. Mwisho anawachukua hata watoto. Neria anakwenda mahakamani kudai haki yake.

Picha ilipofika pale Phineas anapochukua vitu, mtu mmoja alirusha gunzi la hindi likapiga kitambaa. Wengine walimtukana Phineas kama vile anawasikia. Picha ilipokwisha, kijana mmoja akasema, "Picha mbaya hii. Yule Phineas ni mtu mbaya sana, hafai kuigiza."

Hapa tusimame kidogo. Kijana huyu alichanganya watu wawili. Phineas ni mtu wa kwenye hadithi. Aliyeonekana mbele yetu ni mwigizaji, Dominic Kanaventi, aliyepewa kazi ya kuwa Phineas. Kama wewe ulimchukia Phineas mpaka ukarusha gunzi, basi mwigizaji amefanya kazi yake barabara. Angeigiza vibaya ungecheka, au ungesinzia.

Kosa hili si la kijijini tu. Mijini pia waigizaji wanaocheza watu wabaya hutukanwa barabarani. Mama amekwenda sokoni kununua nyanya zake, anaitwa mchawi kwa sababu juzi aliigiza mchawi. Lakini kuigiza ni kazi ya mtu timamu. Marehemu Rashidi Kawawa aliigiza picha kabla ya Uhuru, katika miaka ya 1950, na mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu. Baadaye, mwaka 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mambo aliyoyafanya kwenye picha hayakuhesabiwa kuwa tabia yake.

Kwa hiyo ukitaka kusema juu ya mwigizaji, mtazame yeye na kazi yake. Tazama macho. Tazama mikono inafanya nini wakati mdomo umenyamaza. Sikiliza kama sauti inalingana na jambo lenyewe. Mtu aliyefiwa leo hasemi kama mtu anayetoa hotuba. Tena tazama anapomsikiliza mwenzake, maana wapo waigizaji wanaongojea zamu yao ya kusema tu, kama mtu aliye kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Kazi hii ni ngumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu picha haipigwi kwa mfululizo tunaouona. Inapigwa vipande vipande. Ikiwa nyumba imeazimwa kwa siku tatu, vipande vyote vya nyumba hiyo vitapigwa katika siku hizo tatu. Mwigizaji anaweza kulia msibani asubuhi, kisha mchana akapiga kipande cha harusi, ambacho kwenye picha kinatangulia. Kipande kimoja hurudiwa hata mara nyingi kwa sababu mbwa amebweka au wingu limefunika jua. Kila mara lazima alie upya, na kilio kilingane na kile cha kwanza. Baadaye vipande huunganishwa. Mkubwa wa kazi yote hiyo ni mwongozaji. Mwongozaji wa Neria aliitwa Godwin Mawuru.

Basi si kila kosa ni la mwigizaji. Maneno yakiwa hayana maana, mwulize aliyeyaandika. Sauti ikimezwa na upepo au pikipiki, kosa ni la mpiga sauti. Na zile picha zetu za Bongo zilizokuwa zikiuzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ambamo mtu anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari muda wa kuchemsha chai, kosa lile lilikuwa la waliotaka kuuza kanda mbili badala ya moja. Mwigizaji aliambiwa atembee, akatembea.

Jambo jingine ni tafsiri. Katika vibanda vingi vya video picha za nje hutafsiriwa kwa Kiswahili na msimuliaji mmoja. Aliyevuma sana kwa kazi hiyo ni Derek Mukandala, ambaye watu wanamjua kwa jina la Lufufu. Wasimuliaji hawa wana ufundi wao. Wanaongeza utani, wanampa Mchina jina la Kiswahili, na watu wanavunjika mbavu. Lakini ukisema, "Yule Mchina anachekesha," fikiri kwanza. Huenda Mchina mwenyewe hakusema neno la kuchekesha. Aliyekuchekesha ni msimuliaji. Sisi jioni ile tulitafsiriwa na mwalimu mmoja, maana katika Neria wanasema Kiingereza. Mwalimu hakuwa Lufufu, na penye maneno mengi alituambia tu, "Hapo wanabishana."

Vijana wengi walikuwa na lalamiko moja: katika Neria hakuna steringi. Wamezoea kwamba steringi hafi, na mwishoni anawapiga maadui wote. Steringi gani huyu asiyepiga mtu hata kofi? Tuliwajibu kwamba steringi ni yule ambaye hadithi inamfuata, na hapa hadithi inamfuata mwanamke anayekwenda mahakamani na karatasi. Baadhi walikubali. Mmoja alisema Kanumba angekuwemo picha ingenoga. Huyo hatukubishana naye. Marehemu Steven Kanumba alizaliwa mkoa ule ule mwaka 1984, na tangu alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, pale hakuna picha inayozungumzwa bila yeye kutajwa.

Halafu likaja suala la Neria mwenyewe, ambaye aliigizwa na Jesesi Mungoshi. Kijana yule yule wa kwanza, sasa akijitahidi kutoa sababu, alisema, "Haya, nimetazama macho na mikono kama mlivyosema. Huyu mama hajui kuigiza. Vitu vyake vinachukuliwa, naye kapoa. Angepiga kelele, angejigaragaza. Mwanamke aliyeonewa hawi hivyo."

Ilikuwa sababu nzuri, na wengi waliitikia. Mzee mmoja aliongeza kwamba picha yote ni ya kuwafundisha wanawake ukaidi, na kwamba hayo ni mambo ya Zimbabwe. Tulimkumbusha kwa heshima kwamba hata kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, na kuolewa au kutoolewa. Mzee akasema sheria anaijua, yeye anazungumza picha.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, kwenye ndoo iliyofudikizwa. Tuliambiwa baadaye kwamba ni mjane wa miaka mingi. Alisema hivi:

"Mwanangu, wewe hujafiwa, ndiyo maana. Siku ya mazishi nililia mpaka sauti ikakauka. Lakini siku waliyokuja kuhesabu vyombo, sikulia. Mtu anahesabu sufuria zako, wewe unatazama mkono wake tu. Unahesabu naye. Kelele utapiga na nani? Yule dada kaigiza kweli. Mimi nimemwona."

Watu walinyamaza. Wapo waliogeuza shingo kutazama benchi la mbele, kisha wakatazama chini. Sisi wageni hatukujua kwa nini, wala hatukuuliza.

Tazameni, ndugu wasomaji. Mama huyu hakusoma ufundi wa sinema, lakini alisema kile ambacho sisi tulikuwa tumeshindwa kukieleza kwa saa nzima. Alilinganisha mwigizaji na jambo analolijua, akaonyesha kipande chenyewe, akatoa sababu. Kijana alitazama kwa kulinganisha na picha nyingine alizoziona. Mama alitazama kwa kulinganisha na siku moja ya maisha yake. Njia zote mbili zinafaa, lakini kwa kipande kile ya mama ilikuwa na nguvu zaidi, na kijana mwenyewe alikiri. Alisema, "Mama, nimekuelewa. Ila bado nasema ile sehemu ya mahakamani ni ndefu." Watu wakacheka, na mama naye akacheka, akasema hapo kweli hata yeye alichoka kukaa kwenye ndoo.

Yule mzee hakucheka. Alikuwa kimya muda wote huo. Mwishowe akauliza kama petroli ya jenereta ingali ipo. Tukamwambia ipo kidogo. Akasema, "Basi rudisheni nyuma pale anapochukua vyombo. Nataka kuiona hiyo mikono."