Manukato yanayotusafirisha

Mwaka 2005 kampuni ya Hermès ya Ufaransa ilitoa manukato yaitwayo Un Jardin sur le Nil, yaani Bustani ya Nile. Mtungaji wake, Jean-Claude Ellena, alifika Aswan, Misri, akavutiwa na harufu ya maembe mabichi yaliyo mtini. Embe halikukamuliwa likatiwa chupani. Mtungaji huchagua harufu chache, akazichanganya mpaka pua ikadhani iko pale.

Pua hukubali kwa kuwa habari za harufu hufika upesi kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu wa Lamu aliye ughaibuni, akifukiza udi, hurudi kwao kimawazo kabla moshi haujatulia.

Basi sisi wa Pwani manukato ya kwetu tunayo tangu jadi: kikuba cha asumini na rehani, udi wa kupikwa kwa sukari, chetezo sebuleni. Tofauti ni kwamba vipimo vya kiwandani huandikwa, vyetu vimo mikononi mwa mama zetu. Bibi akienda zake na kipimo chake, harufu ile nayo imekwenda. Tuwaulize, ndugu zangu, na tuandike wangali hai.