Aya Zinapochakaa Ukutani

Mtu akitoka Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, huweza kununua Ayatul Kursi ya fremu akaenda kuitundika kwake Kangemi au Kawangware. Vyema. Lakini chumba ni hicho kimoja: kitanda, jiko, karai la kuogea. Basi na atafute ukuta wa juu, mbali na moshi na miguu ya mwenye kulala.

Taabu ni kalenda zenye aya. Mwaka ukiisha, jina la Mola hufungiwa mandazi, au huenda jaani! Watu wa Tibet, wafuasi wa Budha, hutundika vitambaa vya dua vya rangi tano penye upepo. Hawaviachi viguse chini, na vikichakaa huvichoma kwa adabu. Nasi je? Sayyidna Uthman alipokwisha kunakilisha Msahafu, aliamuru nakala nyingine zichomwe. Wanazuoni wa Kihanafi hupendelea kuufunga uliochakaa kwa nguo safi, ukazikwa pasipokanyagwa.

Katika vyumba vya kupanga, pa kuzika ni wapi? Kalenda yangu ya mwaka jana ningali nayo juu ya kabati, nangoja safari ya Mombasa.